Maji ya Plazima na Vijidudu vya Maradhi

  Kaeni vizuri, kalamu mkononi.

Mwaka 2011, nchini Ujerumani, watu zaidi ya 50 walikufa kwa maradhi ya kuhara damu na kuharibika mafigo. Vijidudu vya maradhi hayo vilikuwa katika machipukizi ya uwatu, yanayoliwa mabichi. Mboga ikipikwa vizuri, vijidudu hufa. Lakini kinacholiwa kibichi tutakisafisha kwa nini? Maji matupu huondoa uchafu, ila vijidudu vingi hubaki.

Wataalamu wanajaribu njia mpya, yaani maji ya plazima. Plazima ni nini? Mnajua kwamba barafu ikipata moto huwa maji, na maji yakichemka huwa mvuke. Basi hewa ikipata nguvu nyingi sana ya umeme, chembe zake huvunjika, nayo hung'aa. Hiyo ndiyo plazima. Mmekwisha kuiona wakati wa mvua, radi inapomweka. Jina hilo lilitolewa na Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928.

Katika kazi hii, mashine hurusha cheche za umeme hewani, karibu na maji. Vitu vinavyozaliwa katika hewa hiyo huingia majini, na maji huwa na asidi. Ndani yake hupatikana pia haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo wengi huijua kwa kuoshea vidonda. Vitu hivi pamoja hupasua ngozi ya kijidudu na kuharibu vilivyomo ndani, nacho hufa. Maji hayo yakikaa siku nyingi, nguvu zake hupungua.

Sasa sikilizeni sana. Maji haya ni ya kuoshea tu, si ya kunywa; nitrati na nitriti zilizomo zaweza kumdhuru hasa mtoto mchanga. Wala usitie waya wa umeme katika ndoo nyumbani kwako. Utakufa wewe kabla ya kijidudu! Kwako wewe, silaha ni zile zile: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, pika mboga ziive.

Maswali:
1. Plazima huonekana wapi wakati wa mvua?
2. Kwa nini maji haya hayanywewi?
3. Wewe utafanya nini leo jioni kabla ya kula?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.