Telefone peke yake haifanyi ankete



Siku hizi karibu kila mkutano tunaofika, kuna mtu anayeinua mkono na kuuliza: «Na sisi, tutafundishwa lini kufanya ankete na telefone?» Ni ulizo nzuri. Kwa miaka mingi watu wa proje walikuja na makaratasi, wakaandika majibu yenu, wakaenda. Hesabu zilibaki mjini. Leo programu ya kukusanya majibu inaingia katika telefone ya kawaida ya Android, na kooperative yenyewe inaweza kufanya ankete yake. Lakini kuna jambo tulilojifunza kwa aibu kidogo, na tunataka mulijue mbele ya kuanza.

Kosa letu wenyewe

Mara ya kwanza tulipotumia telefone, tuliweka ulizo hili: «Ulivuna mifuko ngapi ya maharagi?» Watu walijibu, sisi tukaandika 2, 3, 5. Telefone ilikubali kila kitu. Tuliporudi ofisini na kujumlisha, tuliona kijiji kimoja kinavuna mara mbili kuliko jirani yake, na udongo ni ule ule. Tulifurahi, tukafikiri tumevumbua kitu. Kisha mama mmoja akatucheka: «Mutoto wangu, mufuko ya kwetu ni ya kilo 50. Kule ng'ambo ya mto wanajaza ya kilo 100.»

Telefone haikukosea. Sisi njo tuliuliza vibaya. Karatasi ingetudanganya vilevile, lakini telefone ilitudanganya kwa haraka zaidi, na kwa michoro ya kupendeza.

Programu inafanya nini?

Programu inayotumiwa sana na mashirika ni KoboToolbox. Ile sehemu inayokaa katika telefone inaitwa KoboCollect. Imejengwa juu ya programu nyingine, ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Inafaa kwetu juu ya sababu tatu.

Ya kwanza: inafanya kazi bila rezo. Munajaza fomu shambani, inabaki katika telefone, na munaituma siku mutakapofika mahali penye rezo. Mega kidogo zinatosha.

Ya pili: fomu inaweza kukataa jibu lisilowezekana. Mukiiambia kwamba nyumba moja haiwezi kuwa na watu 300, itamuzuia yule aliyetaka kuandika 3 na kidole kikateleza.

Ya tatu: inaweza kupima shamba kwa GPS. Munazunguka mpaka kwa miguu, na telefone inachukua alama. GPS haihitaji intaneti, inahitaji kuona mbingu tu.

Kupima shamba: hapa muwe na akili

Chini ya miti, au kando ya mlima mkali, alama inaweza kuhama metre kadhaa. Programu inawaonyesha yenyewe ukubwa wa kosa, kwa metre. Musimame, mungoje mpaka ile namba ishuke, kisha muchukue alama.

Kwa shamba kubwa, kosa la metre chache si neno. Kwa mashamba madogo kama mengi ya kwetu, ni neno kubwa. Tuchukue mfano. Shamba ni metre 20 kwa 30, maana yake metre kare 600, au are 6. Umevuna kilo 60 za maharagi: ni kilo 10 kwa are moja. Sasa telefone iongeze metre 5 kwa kila upande: 25 kwa 35 ni metre kare 875, karibu are 9. Mavuno ni yale yale, lakini hesabu inasema karibu kilo 7 kwa are.

Muone hatari yake. Kama hiyo ilikuwa shamba ya kujaribu mbegu mpya, kooperative itasema «mbegu hii haizai», na itaitupa. Msimu mzima umepotea, na pengine mbegu nzuri nayo. Kwa hiyo shamba ndogo tunaipima kwa kamba yenye alama, watu wawili, na telefone inabaki ya kuandika tu.

Namna ya kuanza

1. Anzeni na karatasi. Andikeni: «Tunataka kujua nini? Na tukishajua, tutafanya nini?» Ulizo lisilosaidia kuamua kitu, mulifute. Maulizo 15 yaliyofikiriwa yanapita 80.

2. Jaribuni maulizo kwa watu watano, kwa luga wanayoongea nyumbani. Kama mtu anauliza «unataka kusema nini?», badilisheni ulizo.

3. Kwa kila namba, andikeni kipimo: kilo, are, franka. Kama watu wanahesabu kwa ndoo, pimeni ndoo hiyo kwa kilo mbele ya kuanza.

4. Fanyeni zoezi katika shamba ya mwanachama mmoja. Wapime wawili, kila mmoja peke yake. Wakipata namba tofauti, tafuteni sababu.

5. Jazeni batri usiku, na mutume fomu kila munapopata rezo. Telefone ikianguka katika maji na fomu 40 hazijatumwa, kazi imekwisha.

Telefone mbili zinatosha kwa kooperative. Na mtu wa kuishika asiwe kijana peke yake. Kijana anajua kubonyeza, lakini mzee na mama wanajua nani analima wapi, na jibu gani halina ukweli.

Hesabu ni za nani?

Watu wanaogopa, na wana haki. Mtu akiona mgeni anazunguka shamba yake na telefone, anafikiri kodi, anafikiri kunyang'anywa udongo. Katika eneo lisilo na usalama anaweza kufikiri mabaya zaidi. Kwa hiyo chefu wa kijiji ajulishwe mbele, na kila mwenye shamba aelezwe kazi ni ya nini. Akikataa, musilazimishe. Tangu mwaka 2023 inchi yetu iko na sheria ya mambo ya numeriki, na inalinda pia habari za mtu binafsi. Jina la mtu, namba yake ya telefone na mahali shamba yake iko si mambo ya kutumia kila mtu kwa WhatsApp.

Na neno la mwisho. Ndani ya wiki chache, rudisheni majibu. Andikeni kwenye karatasi kubwa, muitundike siku ya mkutano: tulipima mashamba ngapi, mbegu gani ilizaa, wapi tulikosea. Aliyejibu leo na kuona faida yake atajibu kweli msimu ujao. Aliyeulizwa mara tano bila kuona kitu atasema namba yoyote ili muende, na hakuna programu itakayoweza kusahihisha hiyo.

Kooperative inayotaka kujaribu iongee na agronomu wake mbele ya kupanda. Tutakuja na kamba, mizani na telefone, zote tatu.