Watu wa Oksijeni: Jinsi Chama Kilivyogeuza Kibarua Kuwa Taaluma

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

Kipindi hiki ni cha wewe unayesikiliza, na cha wewe unayekisoma kwenye karatasi, labda kwa sababu saa ya matangazo ilikukuta kwenye foleni ya rasio au umeenda kutafuta kuni. Tuko hapa Nyamugari, na leo tunazungumza juu ya pumzi.

Mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Bila maji atavumilia siku chache. Bila hewa, ni dakika chache tu. Mama yeyote aliyewahi kumshika mtoto mwenye homa ya mapafu usiku, kifua kinapanda na kushuka kwa haraka, anajua ninachosema.

Lakini leo hatutakaa sana kwenye ugonjwa. Tutawaangalia watu ambao kazi yao ni kusaidia wengine kupumua, na chama walichokiunda. Utauliza: chama cha watu wa mbali kinatuhusu nini sisi wa kambini? Kinatuhusu, kwa sababu walianza na maswali ambayo sisi pia tunayo. Mtu akijifunza kazi ya kuokoa maisha kwa kuifanya tu, bila shule wala cheti, tutajuaje kwamba anaijua? Na siku akiondoka, ujuzi wake anamwachia nani?

KAZI YENYEWE NI IPI?

Katika hospitali za Marekani, Kanada na nchi nyingine kadhaa, kuna mfanyakazi ambaye si daktari wala muuguzi. Shughuli yake ni upumuaji. Anapima kiasi cha oksijeni katika damu. Anampa mgonjwa oksijeni kwa kiwango kinachofaa. Mwenye pumu anamvutisha dawa ya mvuke. Mwenye makohozi mazito anamsaidia kuyatoa. Na mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe, yeye ndiye anayelinda mashine inayompumulia. Tumwite mtaalamu wa upumuaji.

Zamani mtu huyu hakuwa na heshima yoyote. Oksijeni ilikuja katika mitungi mizito ya chuma. Ilihitaji mtu wa kuisukuma mpaka kitandani, kuifungua, kuangalia kipimo na kuibadilisha ikiisha. Kazi hiyo walipewa vibarua wa hospitali. Hawakuwa na shule yake, mtihani wake wala leseni yake.

Mwaka 1943, mjini Chicago, daktari mmoja aitwaye Edwin Levine, wa hospitali ya Michael Reese, aliona kwamba hali hiyo haitoshi. Alianza kuwafundisha watu papo hapo kazini, ili wawahudumie kwa oksijeni wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Darasa lao lilikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

KWA NINI UJUZI ULIHITAJIKA?

Wengi wetu tunadhani oksijeni haina madhara: ni hewa nzuri, basi mgonjwa apewe nyingi. Sivyo. Oksijeni ni dawa, na kama dawa zote ina kipimo chake.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia waliwekwa katika masanduku ya joto na kupewa oksijeni nyingi. Walipona, lakini maelfu yao wakawa vipofu. Madaktari walitafuta sababu kwa miaka. Mwaka 1951 daktari wa Australia, Kate Campbell, aliandika kwamba huenda oksijeni nyingi ndiyo inayoharibu macho ya watoto hao, na uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani miaka iliyofuata ukathibitisha. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati wake, ni mmoja wa waliopoteza macho namna hiyo.

Tena, penye oksijeni moto unashika haraka kuliko kawaida. Sigara moja karibu na mtungi inaweza kuunguza wodi nzima.

Kwa hiyo mkono unaofungua mtungi unaweza kuponya au kuumiza. Mwenye mkono huo lazima ajue anachofanya.

WATU 59

Tarehe 13 Julai 1946, wanafunzi wa Levine walikutana katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na madaktari, wauguzi na wahudumu wa oksijeni. Waliamua kuunda chama cha watu wa tiba ya kuvuta hewa. Tarehe 15 Aprili 1947 chama hicho kiliandikishwa rasmi katika jimbo la Illinois, kama chama kisichotafuta faida.

Kilikuwa na wanachama 59 tu. Kati yao, 17 walikuwa watawa, maana hospitali nyingi ziliendeshwa na mashirika ya kidini. Fikiri juu ya hesabu hiyo. Watu 59 wanaenea katika mkutano mmoja wa bloki.

Walifanya nini? Kwanza walifundishana. Walikutana, wakasikiliza mihadhara, wakaelezana yaliyowafaa na yaliyowashinda. Mwaka 1954 walibadili jina la chama ili kiwe cha Marekani nzima. Mwaka 1956 wakaanzisha jarida lao, ili aliyejifunza jambo katika mji mmoja amfundishe wa mji mwingine bila kuonana naye.

Kisha wakaweka mtihani. Mwaka 1960 kilianzishwa chombo cha kuwapima na kuwasajili wataalamu hao. Wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo alikuwa mtawa, Sista Mary Yvonne Jenn. Kuanzia hapo, hospitali iliweza kuuliza: huyu amesajiliwa? Haikuhitaji tena kutegemea maneno ya mtu mwenyewe.

Sheria ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1982 jimbo la California lilipitisha sheria ya leseni kwa wataalamu wa upumuaji, na majimbo mengine yakafuata. Leo karibu majimbo yote ya Marekani yanadai leseni. Hesabu mwenyewe: tangu darasa la Levine mwaka 1943 mpaka sheria ya California ni miaka 39. Kijana aliyeanza kusukuma mitungi akiwa na miaka 20 alikuwa karibu na 60. Leo wataalamu hao nchini Marekani ni zaidi ya laki moja.

(Muziki mfupi.)

NA KWETU JE?

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kongo, mara nyingi kazi hii haina mtu wake maalumu. Imegawanywa. Muuguzi anaweka oksijeni. Fundi wa nusukaputi analinda pumzi wakati wa upasuaji. Mtu wa kinezi, yule wa mazoezi ya viungo, anamsaidia mgonjwa kutoa makohozi. Wanaifanya, na wengi wanaifanya vizuri.

Mfano mzuri uko Malawi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, wataalamu walijaribu mashine rahisi inayosukuma hewa katika pua za mtoto mchanga, ili mapafu yake yasijikunje. Mashine hiyo inaitwa Pumani, jina la Kichewa lenye maana ya kupumua kwa utulivu. Hata sisi wa Kiswahili tunalisikia. Wauguzi walifundishwa kuitumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga wenye shida kali ya kupumua waliopata oksijeni ya kawaida, 44 katika kila 100 walipona. Kati ya waliowekwa kwenye mashine ile, 71 katika kila 100 walipona. Angalia vizuri: kulikuwa na mashine, na kulikuwa na muuguzi aliyefundishwa. Mashine isiyo na mtu wake inabaki kona ya stoo, imefunikwa vumbi.

Vyama navyo vipo. Afrika ina chama cha wataalamu wa magonjwa ya kifua, Pan African Thoracic Society. Kenya ina chake, Respiratory Society of Kenya. Na wapo majirani zao katika kazi, madaktari wa upasuaji, wanaotuonyesha jinsi nchi nyingi zinavyoweza kufuata kipimo kimoja. Walianza na chama chao cha Afrika Mashariki mwaka 1950, mjini Nairobi. Mwaka 1999 wakazindua chuo kiitwacho COSECSA, cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Chuo hicho hakitegemei jengo moja la madarasa. Daktari anajifunzia katika hospitali iliyokubaliwa nchini alipo, halafu anafanya mtihani uleule wanaofanya wenzake wa nchi nyingine. Burundi ni mwanachama.

TUNACHUKUA NINI SISI?

Sasa turudi kambini. Wenye ujuzi tunao. Kuna waliokuwa wauguzi kule Kongo, na vyeti vyao vimebaki nyumbani au vimeungua. Kuna wahamasishaji wa afya waliofundishwa hapa hapa, mwaka baada ya mwaka. Halafu basi la kuwapeleka wakimbizi nchi ya tatu linafika. Tunaimba, tunalia, tunapunga mikono. Ndani ya basi hilo ameketi mhamasishaji aliyejua kuhesabu pumzi za watoto wa bloki nzima. Kesho yake nani atahesabu?

Hapo ndipo historia ya wale watu 59 inatufaa. Hawakungoja sheria wala jengo. Walifanya mambo matatu ambayo hata kikundi cha watu kumi kinaweza kuyaanza.

La kwanza ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi ni mali. Andikeni nani amefundishwa nini, lini, na na nani.

La pili ni kupimana. Anayesema anajua, aonyeshe mbele ya wenzake na mbele ya muuguzi wa kituo cha afya. Kupimwa si kudharauliwa. Ni kumlinda mtoto ambaye hawezi kuuliza cheti.

La tatu ni kila mmoja kuwa na mwanafunzi. Mhamasishaji asiye na mtu anayejifunza kwake ameacha pengo hata kabla ya kupanda basi.

Tuanze na somo moja ambalo kila mzazi anaweza kulijua leo. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

– hajafika miezi 2, na pumzi ni 60 au zaidi;
– ana miezi 2 mpaka 11, na pumzi ni 50 au zaidi;
– ana mwaka 1 mpaka asijafika miaka 5, na pumzi ni 40 au zaidi.

Hesabu ikifika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na ukiona chini ya kifua panabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya au kunywa, midomo inageuka rangi ya bluu, amelegea haamki vizuri, au ana degedege, usihesabu tena. Ondoka naye saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mtoto asiyefika miezi 2 naye usimngojee: akipumua haraka tu, mwahishe.

Ukifika, una haki ya kuuliza kwa adabu: "Oksijeni yake ni ngapi?" Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole au mguu wa mtoto, na kinaonyesha namba. Ikiwa chini ya 90, kwa kawaida mtoto anahitaji oksijeni. Akiwekewa, usiongeze wala kupunguza mwenyewe, na asiwepo mtu wa kuwasha kiberiti karibu. Sasa unajua sababu.

Na wewe kijana uliyemaliza sekondari kama mimi, unayejiuliza utasomea nini mlango ukifunguka: jua kwamba kazi hii ipo. Marekani masomo yake huchukua angalau miaka miwili, kisha mtihani, kisha leseni ya jimbo. Wale waliotangulia kwenye ndugu zetu huko wanaweza kuulizia shule zake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika bloki yenu, nani anajua kuhesabu pumzi za mtoto? Alijifunza wapi, na anamfundisha nani?
2. Mhamasishaji wenu akiondoka mwezi ujao, ni kazi gani itasimama?
3. Ni wenzetu gani waliokuwa wauguzi, mafundi wa maabara au watu wa kinezi kule tulikotoka, na hawajaandikwa popote?
4. Mkiamua kuanza daftari leo, nani atalishika, na muuguzi gani atalikagua?

Leteni majibu yenu kwetu kabla ya kipindi kijacho, tutayasoma hewani. Kabla hujalala, kaa kidogo karibu na mtoto wako aliyesinzia, umhesabie pumzi kwa dakika moja. Ukijua anavyopumua akiwa mzima, utatambua mapema siku akiugua.

(Muziki wa kufunga.)