Mtoto Asiyetulia Darasani: Mchango wa Tiba Kazi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika madarasa ya chini ya shule ya msingi hapakosi mtoto anayemtatiza mwalimu. Mmoja hatulii dawatini hata kwa dakika tano. Huinuka, huwaegemea wenzake na kutafuna ukosi wa shati. Mwingine huziba masikio kila kengele igongwapo, na mvua ikipiga bati hulia. Wa tatu hukataa kushika udongo wa mfinyanzi, na wenzake humcheka. Aghalabu watoto hawa huitwa watukutu, wadekaji au wavivu, na dawa yao hudhaniwa kuwa ni karipio au kiboko. Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha kwamba huenda tabia hizo si utovu wa adabu, na kwamba ipo taaluma, yaani tiba kazi, inayoweza kutusaidia kuzielewa.

Hisi zaidi ya tano

Tumezoea kufundisha kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hesabu hiyo haijakamilika. Ndani ya sikio vimo viungo vidogo vinavyouarifu ubongo kama kichwa kimeinama, kinazunguka au kimetulia. Ndivyo vinavyotusaidia kutembea bila kupepesuka. Katika misuli na maungio pia kuna hisi inayotuambia mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani, hata tukiwa tumefumba macho. Mtoto anayeandika huzitumia hisi hizi zote kwa pamoja. Asipopata habari sahihi kutoka katika misuli yake, huenda akaikandamiza kalamu hadi karatasi ichanike, au akaandika hafifu kiasi cha kutosomeka.

Ubongo huzipokea habari hizi, huzichambua na kuzipuuza zisizohitajika. Wewe unayesoma makala haya ulikwisha kuusahau mguso wa nguo mabegani mwako. Kuna watoto ambao uchambuzi huo kwao si mwepesi. Wapo wanaozidiwa: sauti ya kawaida kwao ni kelele, na kuguswa kidogo huwaudhi. Wapo wasiofikiwa upesi: huitwa mara tatu bila kugeuka, ingawa masikio yao ni mazima. Wapo pia wanaozitafuta hisi kwa pupa, wakiruka, wakisukumana na kugusa kila kitu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zaidi ya moja kati ya hizo.

Chimbuko la fikra hizi

Mtu aliyeziweka fikra hizi katika nadharia ni A. Jean Ayres (1920–1988), mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, ambaye mwaka 1972 alichapisha kitabu juu ya uunganishaji wa hisi na matatizo ya kujifunza. Neno "kazi" katika jina la taaluma hii halina maana ya ajira tu, bali shughuli zote za maisha ya kila siku. Kwa mtoto, kazi ni kucheza, kula, kuvaa, kuandika na kukaa na wenzake. Mtaalamu humchunguza mtoto, kisha humpangia michezo ya bembea, kupanda, kutambaa, kusukuma vitu vizito, au kutafuta vitu vilivyofichwa katika chombo cha mchanga au maharage. Mtoto halazimishwi. Zoezi hupangwa lisiwe jepesi hata likamchosha, wala gumu hata likamvunja moyo.

Hata hivyo, mwalimu hana budi kuujua ukweli wote. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu jambo hili. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba tatizo la uchambuzi wa hisi lisitumiwe kwa jumla kama jina la ugonjwa unaojitegemea, na kwamba wazazi waelezwe kuwa ushahidi wa tiba yake bado ni mchache. Kwa upande mwingine, mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 uliingiza namna isiyo ya kawaida ya kuitikia hisi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo, shida ya mtoto ni ya kweli, lakini jina lake na tiba yake yahitaji tahadhari. Asitokee mwalimu akamwahidi mzazi kwamba bembea itamponya mwanawe.

Wajibu wa mwalimu

Mwalimu si mtaalamu wa tiba kazi, wala hatakiwi kujifanya hivyo. Hata hivyo, katika darasa la watoto themanini lenye ubao na madawati tu, yapo mambo anayoweza kuyatenda.

Kwanza, achunguze kabla ya kuhukumu. Kwa muda wa majuma mawili aandike katika daftari: tabia ilitokea saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Huenda ikaonekana kwamba "utukutu" hutokea baada ya vipindi viwili vya kukaa mfululizo.

Pili, ahakikishe kwamba mtoto anasikia na kuona vizuri, na kwamba hana njaa wala usaha masikioni. Mambo haya ni ya kawaida kuliko tatizo la hisi, na zahanati inaweza kuyashughulikia.

Tatu, arekebishe mazingira. Mtoto anayesumbuliwa na kelele aketishwe mbali na mlango na aarifiwe kabla kengele haijagongwa. Anayechukia udongo aruhusiwe kuanza kwa kijiti, kisha kidole kimoja, kwa hiari yake.

Nne, atumie mwendo kama sehemu ya somo. Kuhesabu kwa kuruka kamba au kuimba kwa vitendo kunawafaa watoto wote. Anayehitaji mwendo zaidi apewe kazi ya heshima, mathalani kufuta ubao, kugawa madaftari au kubeba ndoo ya maji inayolingana na nguvu zake. Kazi hiyo isiwe adhabu.

Tano, azungumze na wazazi kwa staha, akiuliza mtoto anavyokula, anavyolala na anavyocheza nyumbani. Shida ikizidi, ashauriane na mwalimu mkuu ili mtoto apelekwe hospitali. Wataalamu wa tiba kazi ni wachache katika nchi yetu, lakini wapo, na hospitali ya KCMC mjini Moshi ina chuo kinachowafundisha.

Ni kweli kwamba hatua hizi hazitamtuliza kila mtoto, na wapo wanaovunja kanuni kwa makusudi. Lakini kiboko hakiwezi kuufundisha ubongo kuchambua sauti. Kinachoweza kufanya ni kumfundisha mtoto kwamba shule ni mahali pa maumivu, na mtoto aliyekwisha kulijua hilo katika darasa la kwanza ni vigumu kumpata katika darasa la nne. Mwanachuo atakapokwenda mazoezini na kumkuta mtoto wa namna hiyo, aanze na daftari la uchunguzi.