Babu Alivuta Sigara, Mbona Hakuugua?

 Ukiwa Diani, Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, sogea karibu na redio.

Ukimwambia mvutaji aache sigara, mara nyingi atakujibu: "Babu yangu alivuta tangu ujana, akafika miaka 80, wala hakukohoa." Huenda ni kweli. Mwingine naye huvuta kama babu huyo, na akifika miaka 50 hawezi kutembea hadi msikitini bila kupumzika njiani. Kwa nini?

Sababu moja ni urithi. Kama tunavyorithi kimo na sura, hurithi pia kinga ya mapafu. Moshi wa sigara huzifanya chembe nyeupe za damu zimwage kimeng'enya kinachokula kuta za vifuko vya hewa. Ini nalo hutengeneza protini ya kukizuia, iitwayo alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963, wataalamu wawili wa Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson, walieleza kwamba wako watu wenye upungufu mkubwa wa protini hiyo. Mtu wa namna hiyo akivuta sigara, mapafu yake huweza kuharibika akiwa bado kijana wa makamo.

Upungufu huo ni nadra kwa Waafrika. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini usifurahi mapema. Zipo chembe nyingine nyingi za urithi, kila moja na mchango wake mdogo. Mwaka 2008 watafiti walitambua moja inayohusiana hata na wingi wa sigara anazovuta mtu kwa siku.

Sasa sikiliza vizuri. Mtoto hupata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hivyo urithi uliotoka kwa babu yako ni kama robo tu. Robo tatu zimetoka kwa wengine. Afya ya babu si kinga yako. Lakini kama mzazi au ndugu yako ameugua mapafu kwa sababu ya sigara, hiyo ni ilani kwako.

Moshi wa kuni nao hudhuru. Mama, pikia mahali penye dirisha au nje.

Ukiwa na kikohozi kisichokwisha, makohozi kila asubuhi, au ukihema kwa kazi ndogo, usiseme ni uzee wala usidhani umerogwa. Nenda zahanati. Kikohozi kikizidi wiki mbili, upimwe kifua kikuu pia. Mweleze daktari ni nani katika jamaa aliyeugua kifua, na umuulize kuhusu kipimo cha kupuliza pumzi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msikilizaji, ukuta wa mapafu ukibomoka haujengeki tena. Urithi hatuuchagui, lakini sigara tunaweza kuizima, na kuacha kuna faida katika umri wowote.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.