Mguu Bandia na Kanyagio la Cherehani

Cherehani ya miguu haitaki nguvu. Wayo hucheza juu ya kanyagio, kisigino kikishuka vidole vinapanda, gurudumu likazunguka. Mwanafunzi aliyekatwa mguu chini ya goti huimudu kwa mguu uliobaki, mradi kiti kiinuliwe kidogo na ule wa bandia upate pa kupumzika. Aliyepooza miguu yote miwili hawezi. Lakini gurudumu la juu likifungwa mpini wa kuzungushia, naye hushona, ingawa polepole, kwa kuwa mkono mmoja tu ndio hubaki kuongoza kitambaa.

Utengamao wa kikazi ndio huo: kuulinganisha mwili na kazi kabla ya kumkabidhi mtu cheti. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unataka mtu mwenye ulemavu apate kazi inayomfaa, aidumishe na apande ndani yake.

Chukua mfano wa Mumosho, iliyo kusini mwa Bukavu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kandokando ya Mto Ruzizi, katika vilima vya Kabare. Wengi huishi kwa jembe. Mihogo na kuni hubebwa mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na njia ikilowa huwa utelezi mtupu. Mtu wa magongo hawezi kushuka mteremko ule na mzigo, basi watu husema hawezi kazi. Ni hesabu mbaya. Kilichomshinda ni njia. Mikono yake haijashindwa na lolote.

Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, ambacho kimesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu katika kutengeneza miguu bandia. Teknolojia ya kamati hiyo hutumia plastiki ya polipropilini, nyepesi na ya bei nafuu. Hata hivyo mguu huo huchakaa. Mtu mzima huubadilisha kila baada ya miaka 3 hadi 5, mtoto anayekua karibu kila mwaka. Kwa hiyo ufundi anaofundishwa mtu wa Mumosho hauna budi kumlipia nauli ya kurudi mjini, tena na tena, mbali na chakula na kodi. Jambo hili husahaulika mno.

Mifano ya kuigwa ipo. Bombolulu, Mombasa, mafundi wenye ulemavu wametengeneza vito na bidhaa za ngozi tangu 1969; Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi. Ila Mombasa ina watalii. Mumosho ina sare za shule, viatu vya kushonwa upya na nguo za Jumapili, na hizo ndizo bidhaa ambazo jirani atazilipia.

Tangu tarehe 3 Mei 2022, Kongo ina sheria mahususi ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Sheria haitapandisha kiti cha cherehani. Fundi anayepokea mwanafunzi wa namna hii na amketishe kwanza kwenye mashine, amtazame nusu saa miguu na mikono yake ikifanya kazi, kisha amuulize anaishi upande gani wa kilima, na wateja watamfikiaje.