Chura Gani Akae na Chura Gani?

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili amenitaka nieleze jambo moja la huku Uholanzi lisilojulikana huko shuleni. Habari za baridi na baiskeli mmekwisha kuzisikia. Basi nitaeleza habari za vyura, maana ninao kumi na mmoja chumbani, katika masanduku matatu ya kioo, na kila mgeni huniuliza kwa nini nisiwaweke wote pamoja.

Hawa si vyura wetu wa matopeni. Kwao ni misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Wana rangi kali, buluu, manjano, kijani, nao hutembea mchana bila hofu kwa sababu ngozi yao ina sumu. Waemberá wa Colombia walikuwa wakisugua ncha za mishale yao ya kupuliza mgongoni mwa mmoja wao, aitwaye Phyllobates terribilis. Lakini sumu hiyo hutokana na wadudu wadogo wanaowala msituni. Chura aliyezaliwa katika kioo na kulishwa nzi wa matunda hana sumu. Nimemweleza hayo mama mwenye nyumba, wala bado hakanyagi chumbani kwangu.

Zamani nilidhani chura ni chura. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua wanne wadogo, wa buluu, wa aina ya Dendrobates tinctorius, ambao asili yao ni kusini mwa Suriname, nchi iliyotawaliwa na Waholanzi mpaka mwaka 1975. Walikaa kwa amani kama ndugu. Walipopata umri wa mwaka hivi, wawili walianza kukumbatiana. Nilicheka, nikadhani ni mchezo. Kumbe wote wawili walikuwa majike, na ile ilikuwa mieleka. Mkubwa alimpanda mwenzake mgongoni, akamgandamiza chini, kutwa nzima. Damu haikutoka hata tone. Lakini yule aliyeshindwa alijificha chini ya majani, akaacha kula, akakonda mpaka mifupa ya nyonga ikatokeza. Nilipomtenga nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Siku ya tatu alikufa. Aliyeniuzia hakunionya, na mimi sikuuliza.

Basi jambo la kwanza ni kujua dume na jike. Katika aina hii jike ni mnene zaidi, na dume ana ncha pana za vidole vya mbele. Jike mmoja na dume mmoja, au madume wawili, huweza kukaa. Majike wawili, hapana. Lakini msidhani kanuni hiyo ni ya wote. Dendrobates leucomelas, wenye mistari ya manjano na nyeusi, hukaa kundi zima bila ugomvi mkubwa, ninao sita. Ranitomeya imitator wa Peru, ambaye hazidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hukaa wawili wawili kama mume na mke. Dume hubeba viluwiluwi mgongoni mpaka kwenye maji kidogo yaliyo katika majani, na jike huja kutaga humo mayai yasiyoanguliwa ili watoto wale.

Aina mbalimbali je? Tinctorius, leucomelas na auratus ni jamaa wa karibu, na wakiwekwa pamoja huweza kuzaana. Mtoto wao si huyu wala si yule, na akiuzwa kwa jina lisilo lake huharibu kizazi cha mfugaji mwingine. Wasiozaana nao wana shida yao: mkubwa humaliza chakula, mdogo hushinda mafichoni.

Na kuna ugonjwa. Chura hunywa maji kwa ngozi, na hupumua kwayo pia. Kuvu mmoja hushika ngozi hiyo na kumwua. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1999, wakimtoa katika chura wa buluu kama wangu, aliyekufa katika bustani ya wanyama ya Washington. Kuvu huyo huyo alionekana mwaka 2003 kwa vyura wadogo wa Kihansi, Tanzania, ambao maji yao yalikuwa yamekwisha kupunguzwa na bwawa la umeme. Porini walitoweka. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani, na mwaka 2010 wakaanza kurudishwa. Kwa hiyo kila chura mgeni namweka peke yake majuma mengi, na chombo cha sanduku moja hakiingii katika lingine.

Juzi rafiki alitaka kunipa auratus wawili bure, wazuri sana, kijani na weusi. Nilimwambia nitawachukua nikipata sanduku la nne. Mama mwenye nyumba bado hajaambiwa.