Moto wa Cabo Delgado

Hapa Ilomba huwa naulizwa: hivi vikundi vinavyochinja watu kwa jina la dini hutoka wapi? Wengi hudhani huletwa kutoka ng'ambo. Yaliyowapata jirani zetu wa Msumbiji yanaonyesha kuwa huanzia nyumbani.

Jimbo la Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma, lina gesi baharini na rubi ardhini, lakini ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya nchi ile. Mapema mwaka 2017 wachimbaji wadogo wa rubi walifukuzwa Montepuez, katika eneo lililokwisha kupewa kampuni. Vijana wakauona utajiri ukiwapita, nao hawana hata kibarua.

Hata hivyo, maskini ni wengi duniani na hawachinji mtu. Pale Cabo Delgado palikuwa pia na kikundi kilichokwisha kujitenga misikitini, kikiwaita Waislamu wenzao makafiri na kukataza watoto kwenda shule za serikali. Viongozi wa Kiislamu wenyewe walionya mapema. Tarehe 5 Oktoba, 2017 kikundi hicho kikavamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia.

Hapo ndipo wageni walipoingia. Mwaka 2019 kundi la Dola la Kiislamu likaanza kudai mashambulizi hayo kuwa yake. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 waliivamia Palma, na kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Watu karibu milioni moja walikimbia makwao. Rwanda ikapeleka askari, na nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zikafanya hivyo.

Majeshi yaliikomboa miji, lakini mashambulizi vijijini hayakukoma, kwani vijana wapya waliendelea kupatikana. Na Watanzania wamo: Machi 2021 Marekani ilimtaja Abu Yasir Hassan, mzaliwa wa Tanzania, kuwa kiongozi wa kundi hilo.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kijana akiahidiwa kazi ya mbali na mtu asiyejulikana, tuulize: ni kazi gani, iko wapi, na kwa nini iwe siri? Nao wakubwa wa serikali, wazee wa msikiti au wa kanisa wakitoa taarifa, wasikilizwe siku hiyo hiyo.